Jembe Linaloelekea Barazani

1

Siku nilipomwona Kibarua kwa mara ya kwanza katika shamba la mama yangu, nilimtambua kwa kanga.

Hakuwa amevaa kanga. Kibarua ni chuma na mpira: miguu miwili iliyokunjika kama ya panzi, nyayo pana ili asizame, mikono miwili, na kichwa kidogo kama kibuyu cha kuchotea maji. Mgongoni amebeba bamba jeusi la kunywa jua. Jembe lake ni jembe letu hili hili, la mpini wa mti. Lakini kila baada ya hatua kumi na mbili alikuwa anasimama, anaegemeza mpini kwenye paja, anapeleka mikono kiunoni na kukaza fundo la kitu ambacho hakipo. Halafu anaendelea na palizi.

Huyo alikuwa mimi. Kanga yangu ya kazini ni ya siku nyingi, imelainika, fundo halikai. Msimu mzima waliponivalisha lile vazi la nyuzi ili mashine ijifunze kwangu nilikuwa naikaza hivyo hivyo, wala sikujua kama nina tabia hiyo. Nilikuja kujiona kwa Kibarua, kama mtu anayeonyeshwa kisogo chake mwenyewe.

Mama alikuwa ameketi juu ya jiwe pembeni mwa shamba, anachambua choroko kwenye ungo. Kituo cha utafiti wa kilimo kilianza kuwagawia wajane mashine hizi, na yeye alikuwa wa tatu kupata pale Lugala. Alinitazama, akamtazama Kibarua, akacheka mpaka choroko zikamwagika.

"Mwanangu wa pili huyo," akasema. "Sikumnyonyesha, lakini amekufanana kuliko mdogo wako. Tena huyu haagi kwenda kwa mume."

Nikacheka na mimi. Nilikuwa na furaha, nisifiche. Kisha nikaona alikoelekea, na kicheko kikaniisha polepole.

Kibarua alianzia bondeni, uso ameuelekeza juu. Anapiga jembe, anavuta udongo kuja miguuni, anapanda hatua moja, anapiga tena. Kila pigo linashusha udongo shubiri moja. Mistari aliyoiacha nyuma ilikuwa imenyooka kutoka juu mpaka chini, kama nywele zilizochanwa na chanuo. Maji hayahitaji kuonyeshwa njia mara mbili.

Juu ya shamba la mama hakuna nyumba ya mtu. Kuna mawe, miiba, na mbuzi wanaojichunga wenyewe. Nikasimama pale jua likanipata kichwani, nikawa najiuliza, huyu anamwelekea nani.

2

Jibu nilikuwa nalo.

Kutoka Lugala kwa mama mpaka Mkondowe nilikoolewa ni mwendo wa asubuhi moja kwa miguu, lakini desturi zimepishana. Katika ukoo wa mume wangu, mkamwana, mke wa mwana, hamwonyeshi baba mkwe mgongo akiwa ameinama. Nyumba ya baba mkwe iko juu, shamba liko chini yake, na yeye huketi barazani. Kwa hiyo mkamwana analima akiwa ameelekea nyumba. Uso kwa mkwe, mgongo kwa bonde. Mama mkwe alinifundisha hilo siku ya tatu baada ya harusi, akanishika mabega mwenyewe na kunigeuza.

Mimi bibi yangu kule Lugala alinilea tofauti. Simama juu, alisema, tazama bondeni, vuta udongo uje kwako, kisha ulaze kuwa tuta la kukata mteremko. Udongo ni kama mtoto anayetambaa karibu na mlango. Ukimwacha aelekee nje, ataelekea nje.

Nilimwambia mama mkwe hivyo, kwa adabu, kwamba tukilima tumeelekea juu udongo utaisha. Hakunikaripia. Alinipeleka mwisho wa shamba, akanionyesha ukuta wa mawe unaofika kiunoni, ameujenga mwenyewe kwa miaka. Udongo wote tuliouvuta ulikuwa umelala nyuma ya ukuta ule. Mwezi wa nane, uwele ukishavunwa, tuliuchimba na kuupandisha juu kwa karai, kichwani, safari moja baada ya nyingine, siku kumi na nane au ishirini mpaka shamba likae sawa.

Kazi hiyo haina jina. Mama mkwe alisema tunarudisha vitu mahali pake, basi. Na si ya kuongelewa mbele ya wanaume, kwa sababu ni sawa na kusema kwamba heshima inatia hasara.

Alipofariki nilibaki napandisha peke yangu. Mume wangu Nehemia aliniona na karai, akageuza uso kama mtu aliyekosea mlango. Baba mkwe aliketi barazani. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeshakufa ganzi, hakwenda popote tena.

3

Tusekile alikuja na gari la Kituo mwaka uliofuata, mwanzoni mwa mvua. Ni mhandisi, mzaliwa wa Tukuyu, ambako anasema hawajui mwezi usio na mvua. Siku ya kwanza manyunyu yalipoanza sote tulikimbia nje kushukuru, naye akatutazama akasema kwao hii wanaiita umande. Tulimpenda kwa hilo.

Alitueleza walichokuwa wanakitaka. Matrekta yalishajaribiwa kwenye nchi kavu na yakashindwa, sababu magurudumu yanashindilia ardhi na kuiacha ngumu kama sakafu, mvua ikija inateleza juu badala ya kuingia, na inapoteleza inaondoka na ngozi ya shamba. Walitaka mashine yenye miguu, inayoshika jembe la mkono na kupita kati ya visiki na mawe. Kumwandikia chuma kila jambo, alisema, ni kazi isiyo na mwisho. Chuma hujifunza kwa kuiga. Unachukua mkulima mmoja hodari, unamvalisha vazi la nyuzi linalosoma mifupa na misuli yake kutoka kupanda mpaka kuvuna, na yote anayoyafanya yanakuwa akili moja. Akili hiyo unaimimina kwa Vibarua elfu moja, au elfu sita, wote sawa.

Basi ilibaki kumpata huyo hodari. Walichagua wakulima kumi na wawili. Chini ya kila shamba wakachimbia beseni refu la bati la kudaka maji yanayotoroka na udongo uliomo ndani yake. Kila baada ya mvua Tusekile alikuja kukausha ule udongo na kuupima. Kwa wengine alijaza ndoo mbili, tatu. Kwangu alipata wa kujaza kopo la chai.

Beseni langu lilikuwa chini ya ukuta.

Aliniuliza. Mvua ya nne, amechuchumaa na kopo lake mkononi, aliuliza ule ukuta ni wa nini. Nikamwambia mama mkwe aliujenga kuzuia mbuzi. Mbuzi ni kweli hawakuweza kupita. Akaandika.

Nimeirudia ile dakika mara nyingi kuliko siku ya harusi yangu. Sikuwa nimepanga kudanganya. Ila kusema ukweli kungetaka nieleze kwa nini udongo unashuka, kwa nini naelekea juu, nani ameketi barazani, na karai la mwezi wa nane, na yote hayo mama mkwe alinikabidhi nikiwa nimefunga mdomo. Na kuna jambo jingine. Mimi niliishia la saba. Tusekile alikuwa ameanza kuniita mwalimu, mbele za watu, na neno lile lilikuwa limeniingia tumboni kama uji wa moto.

Msimu uliofuata nikavalishwa nyuzi. Mavuno yalipokwisha wakanivua, wakashukuru, wakaondoka. Wiki moja baadaye nikachukua karai.

Baba mkwe alijivuna sana msimu ule. Wageni wakija alinionyesha kwa fimbo nikiwa shambani, akawaambia, "Mkamwana wangu analima kama anayesalimia."

4

Nilipotoka kwa mama siku ile ya kumwona Kibarua sikupitia kwa mtu. Nilimngoja Nehemia mpaka akamaliza kula, nikamweleza yote, na karai nikalitaja. Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja kwa sauti ndani ya nyumba ile.

Nehemia si mtu mbaya. Alisikiliza, akakwaruza sufuria muda mrefu kuliko ukoko uliokuwemo. Akauliza Kituo kitataka nini kikiambiwa. Nikamwambia nijuavyo: nitavalishwa tena kwa siku chache, shamba lile lile, mteremko ule ule, mwili ule ule, kwa sababu akili ile imejengwa juu ya vipimo hivyo na wakinipeleka shamba lingine Vibarua watachanganyikiwa. Na vazi linakunywa jua, kwa hiyo ni mchana kweupe. Nitalima nimeelekea bonde.

"Na Baba barazani," akasema.

"Na Baba barazani."

"Kwa hiyo unataka niende nikamwambie, Baba, mke wangu ataanza kukuinamia kinyumenyume, na watu wa Kituo watakuwepo kuandika."

Alitaka kunichekesha, na ikaharibika katikati. Kisha akatoa shauri ambalo mpaka leo nikilipima naliona lina akili: mwezi wa nne Baba angepelekwa Dodoma kutazamwa mguu, angekaa huko wiki tatu. Baraza lingekuwa tupu. Tungemwita Tusekile, tungefanya, tungemaliza, na mzee angerudi asijue kitu. Ulikuwa mwezi wa kwanza, tarehe za mwisho. Miezi miwili na kidogo.

Nikakubali. Mimi ni mtu wa kungoja, watu hunisifia hilo.

Tusekile alipita mara mbili katika siku hizo. Mara ya pili alisimamisha gari, akaniuliza mbona nimepungua, kuna tatizo, dada? Nikasema hakuna.

Sikukaa bure kabisa. Nilikwenda Lugala siku moja, Kibarua akiwa zamu shamba la jirani, nikashika jembe la bibi, nikasimama juu na kuelekea bonde. Nilikata matuta saba ya kuzuia mteremko kabla mgongo haujagoma. Kesho yake Kibarua alirudi zamu. Aliyakuta matuta yangu hayafanani na alichofundishwa, akayafungua moja moja, kwa utulivu, akanyoosha mistari kutoka juu mpaka chini. Alifanya kwa mikono yangu. Mama aliniambia alipofika tuta la saba alikaza kanga.

Nilimwomba mama amkatae. Akaniuliza sababu, nikasema ninadhani analima vibaya. Mama alitua ungo chini.

"Nimkatae aliyetoka kwako? Lugala nzima itasema binti yangu alifundisha vibaya." Akachukua ungo tena. "Acha. Utawarekebisha taratibu."

5

Mvua ya tarehe sita mwezi wa pili ilinyesha mchana, saa nane, na haikuchukua muda mrefu. Mkondowe ilimwagika vizuri, ukuta ukadaka, nikaona ni baraka. Mtu wa Lugala aliyepita kesho yake asubuhi ndiye aliyesema kule imechimba.

Nilitembea haraka. Nilipofika nilidhani nimekosea njia, kwa sababu pale palipokuwa na uwele palikuwa na korongo.

Lilianzia katikati ya shamba, pale michirizi ya Kibarua ilipokutana, likateremka likipanuka. Nilishuka ndani likanifika kifuani. Ukutani mwake unaona shamba lilivyokuwa: juu udongo mweusi, upana wa viganja viwili, ndio huo uliotulisha sote, chini yake mwekundu, halafu changarawe nyeupe isiyootesha kitu. Mizizi ya uwele ilining'inia hewani. Nusu nzuri ya shamba, ile bibi aliyoilaza matuta kabla sijazaliwa, ilikuwa imeshafika mbugani ambako haina mwenyewe.

Kibarua alikuwepo. Jua lilikuwa limetoka, naye alikuwa kazini. Alipanda na mstari wake mpaka ukingoni mwa korongo, akanyanyua jembe, akapiga, na jembe likapita hewani bila kuvuta kitu. Akasubiri. Akajaribu tena. Akaegemeza mpini kwenye paja akakaza kanga.

Mama alikuwa amesimama upande wa pili. Hakulia. Aliniuliza kama nimekula.

Alinisongea ugali, tukala. Baadaye akaanza kufunga vyombo. Hakuwa na shamba jingine, na kwangu asingeweza kuja. Mama wa mke hakai nyumba moja na mkwilima, mume wa binti yake, hiyo ni desturi ya Lugala na ya Mkondowe pia, katika hiyo tumekubaliana. Alikuwa na kaka Manyoni. Mwanamke wa miaka sitini na mbili, aliyejilisha mwenyewe tangu baba alipofariki, akaenda kuwa mtu wa kupewa.

Stendi, alipokuwa anapanda basi, nikamwambia, mama, ni mimi. Akasema anajua kwamba ni mimi, alinizaa. Hakuelewa nilichomaanisha, au alielewa. Basi likaondoka.

6

Kutoka stendi sikwenda nyumbani. Nilikwenda Kituo, nikamkuta Tusekile mbele ya ramani kubwa ya wilaya tatu, na juu ya ramani kuna vidoa vyekundu. Kila kidoa ni shamba lililofunguka. Nilivihesabu mpaka arobaini nikaacha.

Nilimweleza nimesimama. Ukuta, mbuzi, karai, baraza. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza kwa nini sikumwambia habari ya mwezi wa nane.

"Mlinivua nyuzi mwezi wa saba," nikasema. "Hamkuuliza kinachofuata."

Nilijisikia vibaya papo hapo, maana ilikuwa kweli lakini nilikuwa najificha nyuma yake, kama ule ukuta. Tusekile alikaa chini. Alisema aliyechimbia beseni chini ya ukuta ni yeye. Mtu yeyote aliyekulia kwenye mteremko angeona. Alisema tulimfundisha Kibarua kumega, hatukumfundisha kurudisha. Kisha akasimamisha Vibarua wote elfu sita, saa ile ile, kwa kubonyeza kidole. Nikafikiria wamesimama kote huko, kila mmoja ameelekea juu, jembe limenyanyuliwa.

Lakini magugu hayasimamishwi kwa kidole. Watu walishazoea, wengi walishauza ng'ombe wa kulimia. Mvua za mwezi wa tatu zilikuwa zimebakiza wiki tatu. Akaniambia hawezi kungoja mwezi wa nne.

Jioni ile, jua halijazama, mimi na Nehemia tulikwenda barazani. Nilipiga magoti ubavuni mwa baba mkwe, si mbele wala nyuma. Nehemia alifungua mdomo akasema habari za mvua. Akasema habari za mguu. Basi nikasema mimi.

Baba mkwe, Mzee Chibago, alisikiliza macho yakiwa bondeni. Alikuwa na kiti cha kamba za ngozi alichokitengeneza mwenyewe ujanani, kimemshika umbo. Nilipomaliza alipapasa kamba zake moja moja, kama anayezihesabu.

"Mlipokuja na nyuzi," akasema, "mlikaa hapa mkaniomba ruhusa. Tukanywa chai. Hakuna aliyeniambia kwamba udongo unashuka."

"Tuliona aibu, Baba," Nehemia akasema.

"Aibu ya nani?"

Nehemia aliichukua fimbo ya mzee, akaiegemeza vizuri ukutani.

"Marehemu mama yako alipandisha karai miaka thelathini na moja. Mimi nilikuwa kipofu? Nilimwona kila mwaka." Alihamisha mguu wake mbovu kwa mikono miwili, kama anayehamisha gogo. "Nikadhani ni jambo la wanawake, lisiloulizwa. Nikanyamaza kwa heshima. Na yeye alikuwa ananyamaza kwa heshima. Tazama sasa."

Akanigeukia. Sikumbuki kama alikuwa amewahi kunitazama usoni kabla ya hapo.

"Mama yako amekwenda wapi?"

"Manyoni, Baba. Kwa mjomba."

Aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, polepole. Kisha akashika mikono ya kiti.

"Nehemia," akasema. "Geuza kiti."

Ilikuwa ni hivyo tu. Nehemia alimnyanyua, mimi nikashika kiti, tukakizungusha, akaketi tena ameelekea ukuta wa nyumba, ambako kulikuwa na kalenda ya mwaka juzi. Haikuchukua muda wa kumenya kiazi. Akaomba redio yake.

"Mngeniambia siku ya kwanza," akauambia ukuta, "ningekuwa nimeshazoea hii kalenda."

7

Nilivalishwa nyuzi asubuhi ya pili yake. Tusekile alinikaza mikanda mabegani, akaniambia nisiogope, nifanye kama bibi alivyonifundisha. Nikapanda mpaka juu ya shamba, hatua tano kutoka barazani. Nikaligeukia bonde. Sikuwa nimewahi kuliona nikiwa na jembe mkononi. Ni zuri, unaona mpaka mbuga inapoanza.

Nikashindwa kuinama.

Miaka sita mwili wangu ulikuwa umefundishwa. Mgongo ulisimama kama mpini. Ikabidi nigeuze shingo nitazame nyuma, nihakikishe. Kiti kilikuwa kimegeuzwa vile vile. Niliona kisogo cha mzee, nywele nyeupe, na redio inaongea peke yake habari za mpira. Ndipo nikainama, nikapiga jembe, nikavuta udongo kuja kwangu, nikaulaza.

Kwa kila mstari ilikuwa hivyo. Naanza, nageuka, natazama kiti, nainama. Nilijitahidi kuacha. Kichwa kiligeuka chenyewe.

Kanga nilikuwa nimeibadilisha, mpya, fundo linashika.

Tulipomaliza Tusekile alinionyesha kwenye kioo chake mchoro wa mwili wangu, vijiti vya mwanga vinavyotembea. Alikuwa ameliona lile la kugeuka. Aliniuliza linatoka wapi, nikamwambia. Akasema angependa kuliondoa, lakini shingo na mgongo na pigo la jembe vimeshikana, akikata kimoja tuta linapinda. Kulichambua kungechukua msimu mzima. Nikamwambia aache.

Vibarua waliamka tarehe kumi na tisa mwezi wa pili. Mvua za mwezi wa tatu zilikuja kubwa kuliko tulivyotegemea, na matuta yakashika. Vidoa vyekundu kwenye ramani havikuongezeka. Havikupungua pia. Udongo uliokwenda mbugani hakuna karai la kuurudisha. Tusekile alinipa hesabu ya miaka ambayo kiganja kimoja cha udongo mweusi huchukua kujitengeneza, na ilikuwa mirefu kuliko umri wa kijiji chetu.

Baba mkwe hakurudi akiwa hai kutoka Dodoma. Haukuwa mguu peke yake. Tulimzika juu ya shamba, na tulipomaliza Nehemia alikitazama kile kiti kilichoelekea kalenda, asijue akirudishe kilivyokuwa au akiache. Kipo vile vile mpaka leo.

Mama alinipigia simu mwezi wa tano. Alisema Manyoni nako wameletewa Kibarua, na shamba la mjomba limekaa vizuri, matuta kama ya bibi kabisa. Yeye hana kazi nyingi huko. Asubuhi hutoa kigoda, huketi juu ya shamba akamtazama akilima. Kisha sauti yake ikashuka, kama mtu anayekupa siri.

"Kila anapoanza mstari anageuka nyuma ananitazama," akasema. "Mistari yote, hasahau hata mmoja. Najua ni wewe, mwanangu. Mimi humpungia mkono."

Nilikuwa nimesimama mlangoni, simu sikioni, nakiona kiti.

Nikamwambia ndiyo, mama. Ni mimi.